Goti la Kushukia Bonde

Nikikaa kibarazani na cherehani yangu, naona kamba ya nguo ya dada yangu upande wa pili wa bonde, na naweza kukuambia leo kaanika nini. Kumfikia sasa ndiyo kasheshe. Ushuke mteremko wote hadi mtoni, uvuke kwa kurukaruka mawe, kisha upande mlima ule uliosimama kama ukuta. Goti langu la kulia limeshakataa kazi hiyo. Waliogawa kijiji kimoja pande mbili za bonde sijui walikuwa wamekunywa nini.

Basi tunaongea kwa kupaza sauti, na ukimwita mmoja wanaitika kumi.

Mama anaishi kwa dada, na kitanda chake kiko chini ya dirisha linalotazama huku. Wiki iliyopita mpita njia alininong'oneza kwamba chakula hakimpiti tena. Nilitaka kujua jambo moja tu: niende sasa, au bado kuna muda goti lipate nafuu? Lakini utaulizaje kama mama anakufa, na mwenyewe yuko dirishani, masikio mazima?

Kila asubuhi nauliza hali, kila asubuhi dada anajibu kwamba mama hajambo, amekunywa supu. Mwenye duka kule mtoni naye anadakia kwamba ni kweli, chumvi imetoka kwake. Nimechoka na majibu hayo. Jana nilikata kitambaa cha mteja upande usio wake kwa hasira.

Leo nimeuliza tena. Dada akasema mama hajambo.

"Na goti lako?" akaita.

Nikamwambia liko vilevile.

"Nauliza, litaweza kushuka?"

Mwaka mzima nikigusia safari hiyo, yeye ndiye wa kwanza kunikataza. Nilingoja mwenye duka adakie. Hakusema kitu. Waliokuwa wakilima mteremkoni walisimamisha majembe, na hakuna aliyenitazama.

Nikavuta pumzi, sauti ifike mpaka dirishani.

"Limepona kabisa, dada. Mwambie mama nakuja kumsalimia tu."

Nikaacha gauni la watu chini ya sindano, nikachukua fimbo. Pale penye utelezi nilikaa chini, nikashuka kwa makalio.