Wanja wa Mke Mwenza

Mke wa fundi aliyeitwa Bado hakuwahi kumwonea wivu mwanamke yeyote. Wivu wake wote aliuelekeza kwa injini kuukuu ya boti, yenye umri wa kuwashinda wote wawili, iliyokuwa ikikaa kwenye kibanda cha kazi uani na kula nusu ya maisha ya mumewe. Aliiita "mke mwenzangu." Binti yao, alipojua kusema, akaiita mama mdogo, na nyumba ikacheka mpaka machozi. Sasa bi mkubwa yuko kaburini, binti ameolewa mbali, na bi mdogo naye kawa bubu. Beringi zake zimekwisha, kranki, ule mhimili unaozunguka, inacheza ndani kama jino bovu.

"Baba, unakaa huko na nani?" binti alimuuliza kwenye simu.

"Na mama yako mdogo."

"Mama mdogo mwenyewe haongei!"

"Nimempatia beringi. Akiwaka, nabaki hapa hapa. Asipowaka, njoo unichukue."

"Ahadi?"

"Ahadi ni deni."

Beringi zenyewe alizipata kwa fundi mwenzake aliyefunga kazi, zikiwa bado ndani ya boksi lake. Nyingine hazikuwepo, kwa kuwa hazitengenezwi tena. Akiziharibu hizi, injini ni chuma chakavu, naye ni mzee wa kulelewa.

Asubuhi aliwasha jiko, akatia oili kwenye sufuria, akazitumbukiza beringi zipate moto na kutanuka. Zamani kwa sufuria tu pangezuka vita. "Leo mtakula mchuzi wa grisi!" mkewe angefoka. Siku hizi sufuria zote ni zake, achague apendayo. Hata hivyo alijikuta ameshika ile iliyovunjika mkono, kwa woga wa mazoea. Ukimya wa jikoni ukamkera kuliko kelele zozote alizowahi kupigiwa.

Beringi ziliingia kwenye kranki bila ubishi. Kasheshe lilikuwa mbele. Kila beringi ina kitundu mgongoni, na ndani ya bloku, mwili wa injini, mna pini inayotakiwa kuingia humo. Ukishailaza kranki, kitundu kiko chini, hukioni. Ukikaza bolti kitundu kikiwa kimekwenda upande, beringi inavunjika, pengine na bloku inapasuka. Dawa yake ni kuchora mstari juu, mkabala na kitundu, ukitazama mstari ujue kitundu kiko wapi.

Alichora kwa chaki, ikafutika. Akajaribu kalamu ya wino, ikateleza juu ya oili. Mwenyewe alijua vizuri kinachoshika hapo, ila alikuwa akijizungusha tu. Miaka yote walitumia kalamu ya wanja ya mkewe. "Mke mwenzangu naye apakwe," mkewe alizoea kusema akimkabidhi, "lakini mwambie asinimalizie."

Wanja ulikuwa kwenye pochi, na pochi kwenye droo ya meza yake ya kujipambia. Droo hiyo haikufunguliwa tangu mazishi.

Alinawa mpaka viwikoni kwanza. Alipoivuta droo, harufu ya poda ilimjia ghafla, akakaa kitandani, upande wake yeye, si ule mwingine. Kipande cha wanja kilikuwa kifupi, hakifiki hata urefu wa njiti ya kiberiti. Kilikuwa kimechongwa kwa kisu, tena kwa kisu chake cha kazi. Aliyatambua makato ya ule ubapa wenye pengo. Kumbe mkewe ndiye aliyekuwa akimbutulia kisu, na kila siku akiapa kwamba hakijui! Fundi alicheka peke yake, kisha akarudi nacho kibandani.

Alichora mistari. Akailaza kranki, akazigeuza beringi kwa kidole, polepole, mpaka mistari yote ikatazama juu na kila pini ikaingia kwa mlio mdogo. Akafunga bloku, akazungusha kwa mkono. Laini.

Jioni aliifunga injini kwenye ukingo wa pipa la maji, mguu wake wenye panga ukiwa majini, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma, uani pakajaa sauti.

"Bi mkubwa!" alipaza sauti kuelekea jikoni kama siku zote. "Bi mdogo ameamka!"

Na siku zote jibu lilikuwa moja: "Basi mwambie apike yeye!" Fundi alisimama akilisubiri, mdomo ukiwa tayari kucheka. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, kama alivyouacha mwenyewe asubuhi.

Akaizima injini, akampigia binti.

"Imewaka?"

"Imewaka. Haina hata kikohozi."

Binti alishusha pumzi. "Haya, Baba. Umenishinda. Baki."

Fundi alitazama kidole chake, kingali cheusi kwa wanja.

"Njoo unichukue," alisema.

"Si umesema imewaka?"

"Imewaka, mwanangu. Njoo na gari kubwa. Mama yako mdogo hawezi kukaa huku peke yake."