Anwani ya Chiriku

Seva ya barua pepe za nyumbani ilikaa kwenye kabati la jikoni, nyuma ya kopo la unga: kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni, taa moja ya kijani ikipepesa. Binti ndiye aliyeisimika. Kwa kuongea kwake bila kituo walimwita Chiriku. Aliwapa nyumba nzima anwani za barua pepe, akamwambia mama yake, "Sasa umbea wetu tunautunza wenyewe."

Chiriku alifariki mwaka uliopita. Barua zake hazikukoma: maduka ya viatu, matangazo ya kazi, chuo. Mama hakufuta hata moja. Diski ikajaa pomoni, na barua za duka lake la dawa zikaanza kugoma kuingia. Ndipo akamwita mdogo wake, fundi wa mitandao.

"Dada, humu umefuga jaa," fundi alisema, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta yake mapajani. "Naisimika upya. Nifungue masanduku mangapi ya barua?"

"Manne."

"Wewe, shemeji, duka." Akasita. "La nne la nani?"

"Unajua la nani. Usinifanye mtoto."

"Litajaa tena, dada. Oda zitakwama, na wagonjwa watakosa dawa."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi mama. Akageukia sinki, akaanza kuosha kikombe kisafi.

"Basi lifunge."

Fundi akafanya kazi yake. Alipomaliza, ili kumwonyesha kwamba mambo yamekaa sawa, alituma barua kwenye anwani ya Chiriku. Simu yake ikalia papo hapo. Mama akamnyang'anya, akasoma: "Barua imekataliwa. Mtu huyu hajulikani hapa."

"Nani hajulikani?"

"Ni maneno ya mashine tu, dada."

"Mashine iko kabatini mwangu, nyuma ya unga wangu! Mtoto nimemzaa, nimemlea kwenye jiko hili hili, leo hicho kisabuni kiwaambie watu hajulikani?" Akamrudishia simu. "Hayo maneno yanabadilishika?"

"Yanabadilishika."

"Sogea huko."

Akaketi juu ya ndoo, akaipakata kompyuta ya mdogo wake. Akaandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Mdogo wake alijifanya anatazama nje dirishani, akipangusa macho kwa mkono wa shati.

Fundi alipoondoka, mama alichukua simu yake, akaiandikia anwani ile swali alilozoea kumwuliza binti yake kila mchana: "Umekula?"

Jibu liliingia kabla hajaiweka simu mezani, upesi vilevile kama Chiriku alivyokuwa akijibu.

"Alikuwa wetu. Amefariki. Asante kwa kumkumbuka."

Akalisoma amesimama. Kisha akarudisha kopo la unga mahali pake, akafunga kabati.

Kesho yake mchana alikula bila kuuliza.