Watu wa Ardhi Tupu

Muuza duka alipangusa meza kwa kitambaa, akaiweka kompyuta ndogo ya mchora ramani katikati ya skrini mbili. Kushoto ilikuwa televisheni pana kama mlango uliolazwa ubavu. Kulia ilikuwa monita ya kazi, ndogo kidogo, yenye mguu wa kupandishwa na kushushwa.

Mchora ramani alikuwa akichorea nyumbani viwanja vya ofisi ya mipango ya mji, pua ikikaribia kugusa kioo, hata mumewe akawa anamtania kwamba hachori ramani, anazinusa. Sasa macho yalikuwa yamegoma, wakaja kununua skrini kubwa.

"Mimi nasema televisheni," alisema mumewe, dereva wa lori aliyependa kitu chenye faida mbili. "Mchana unachora, jioni tunatazama mpira."

"Mshika mawili moja humponyoka."

"Mimi naendesha lori na kula embe, na sijaangusha hata moja."

Muuza duka alichomeka waya kwenye televisheni. Ramani ya soko jipya ikajitandaza kubwa, rangi zikiwaka. Katikati palikuwa na eneo ambalo wapimaji wa ofisi walikuwa wameliandika ARDHI TUPU. Mle ndani mlikuwa na madoa ya hudhurungi. Mume alidhani ni vumbi, akayafuta kwa mkono wa shati. Madoa yakasogea kumpisha, kisha yakarudi.

"Hilo si vumbi, kaka," alisema muuza duka. "Ni watu. Televisheni huwalainisha, maana imetengenezwa itazamwe kutoka kwenye kochi. Ukiisogelea, kila kitu kinakuwa uji."

Akahamishia waya kwenye monita. Mistari ikakazana, herufi zikapata kingo, na watu wakaonekana vizuri. Mwanamume mmoja alikuwa juu ya paa akigongomea bati. Watoto walikuwa wakiruka mstari wa vitone. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameanika nguo kwenye mpaka wa kiwanja ambao mchora ramani aliuchora wiki ile.

"Shikamoo, mama," alisema mchora ramani, akiinama.

"Marahaba, mwanangu." Yule mama aliibana nguo ya mwisho ndipo akageuka. "Na mstari huu mwingine unaopita jikoni kwangu, ni wewe uliyeuchora?"

"Ni mimi. Sikujua kama kuna jiko."

"Lipo. Ingia uone."

Mchora ramani alikuza picha. Jiko lilikuwepo, na sufuria motoni, na mstari wake mwekundu ulipita katikati ya mafiga, ukifuka moshi. Alitaka kujua mengi: kisima kiko wapi, ile njia inaelekea wapi, nani alipanda ile miti. Yule mama alimjibu moja moja, huku wateja wengine wakipita nyuma yao kuulizia pasi na feni.

"Lakini ukiwa na televisheni ungefanya kazi kwa raha," alinong'ona mume. "Ukikaa mbali, huoni mtu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Wakachukua monita. Mume aliibeba hadi nyumbani, mdomo umevimba kama andazi. Hasira yake iliisha jioni, alipogundua kuwa yule mtu wa paani alikuwa utingo wa malori zamani. Akavuta kigoda, wakabishana juu ya breki hadi chakula kikapoa. Mchora ramani alilazimika kuwasogeza wote wawili pembeni ili aendelee kuchora.

Alichora jiko, kisima, njia na nyumba zote, kila moja mahali pake. Alipomaliza aliichapa ramani. Kwenye karatasi nyumba zilitoka, watu hawakutoka. Kwa hiyo aliifunga monita kwa blanketi, akaipeleka ofisini, mumewe akiishika upande wa pili.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti. Kwanza aliitazama ramani kwenye televisheni ya ukumbi wa mikutano, akaona madoa. Kisha akavaa miwani, akainamia monita.

"Hamjambo humo ndani?"

"Hatujambo," waliitikia watu wa ramani. Watoto wakaacha kuruka.

"Wanaonekana vizuri sana," mkuu alimwambia mchora ramani. "Kioo kizuri hiki. Umenunua duka gani?"

Akamtajia duka. Mkuu akaandika kwenye kiganja, kisha akaigeuza karatasi huku na huku. "Na hapa hawapo?"

"Hapo zipo nyumba zao."

"Nyumba zitafutika. Mimi nauliza watu."

"Karatasini hawatoki, mzee."

"Basi mambo ni mepesi. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Lakini tupo," alisema yule mama kutoka kwenye monita, mikono kiunoni.

"Nimewaona, mama," alisema mkuu kwa heshima. "Nimewaona kabisa." Akachukua nakala ya kwanza, ile ya ardhi tupu, akaigonga muhuri.

Soko lilijengwa. Siku ambayo matingatinga yalianza kazi, mchora ramani aliifungua ramani ile akakuta mistari mitupu, safi, mizuri kuitazama. Hakula siku hiyo. Mumewe aliketi kwenye kigoda mbele ya kioo, akaita mara mbili, hakuitikiwa.

Baadaye ofisi ilimpa kazi nyingine, ya kituo cha mabasi. Alipoifungua aliwakuta wote wamekaa pambizoni, nje ya fremu, katika ule weupe unaozunguka mchoro. Walikuwa na sufuria, magodoro na mabati yaliyopinda. Yule mama alinyanyua uso.

"Mwanangu, hapa pana mwenyewe?"

"Hapo huwa naandika jina la ofisi."

"Tunaweza kujibana kidogo?"

Mchora ramani hakumwambia kwamba pambizo hukatwa kwa mkasi ramani ikishachapwa. Alilipunguza jina la ofisi, akalisukuma hadi kwenye kona. Kule pambizoni wakaanza kufungua mizigo.