Kiraka cha Opondo

Opondo alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuitwa injinia kabla kazi haijaisha. Alipanga chumba ghorofa ya juu kule Gatina, Kawangware, na wapangaji wa plot nzima walimjua kwa laptop na maringo. Ukimuuliza, "Niaje Opondo, unatengeneza nini siku hizi?" alishusha sauti kama mtu aliyepewa siri ya serikali, halafu akakumwagia yote.

Siku hizi alikuwa anatengeneza kiraka. Yeye mwenyewe alisema programu-jalizi, lakini anti yake Filister, mwenye kibanda cha video Kibera, alisikiliza maelezo hadi mwisho akasema, "Kwa hivyo ni kiraka. Sinema inacheza kwa laptop, wewe unabandika maneno na picha juu yake." Opondo aliumia, maana ndivyo ilivyokuwa.

Lakini kiraka hakikuwa cha mchezo. Kwa Filister watu hawakuja kuona sinema tu, walikuja kumsikia Wanzala. Sinema zilikuwa za Kichina, naye Wanzala alisimama kando ya ukuta na maikrofoni akizitafsiri anavyotaka yeye: jambazi akawa landlord, polisi akawa kanjo, askari wa jiji, na mapenzi yote yakaanzia kwa foleni ya maji. Kama alijua Kichina au hakujua, nani alijali? Opondo alikulia kwenye mabenchi yale. Mama yake alipokuwa vibaruani, kilichomlea mchana kutwa ni sauti ya Wanzala.

Sasa koo la Wanzala lilikuwa limegoma. Daktari alimkataza kusema hata neno moja mpaka lipone, na mabenchi yakaanza kubaki wazi. Filister hakuwa mtu mbaya, ila kibanda ndicho kilichomlisha. "Kiraka chako kikishika watu Jumamosi, Wanzala anabaki," alimwambia Opondo. "Kikishindwa, nachukua Kevin." Kevin alikuwa mtafsiri wa kibanda jirani, mdomo haujui kupumzika, na mtu wa aina hiyo akishika maikrofoni, kumpokonya ni kazi.

Basi Wanzala akaitazama sinema ya Jumamosi kwenye simu, akaandika utani wake wote kwa kidole gumba na kumtumia Opondo kwa WhatsApp. Opondo akayapanga maneno yatokee chini ya picha, kila moja kwa wakati wake. Kwenye kona akachora uso wa Wanzala, mdomo ukifunguka na kufungika. Mdomo ulimchukua muda kuliko maneno yote, na yale maandishi ya dhahabu ya mwisho, "Opondo Systems", yakamchukua muda kuliko mdomo. Akajifungia Gatina na earphone masikioni, akajaribu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila neno liliangukia mahali pake. Akajipigia makofi. Haki ya Mungu, alijipigia makofi, peke yake, chumbani.

Jumamosi kibanda kilijaa. Wanzala alikaa benchi la mbele, skafu shingoni. Kevin alisimama mlangoni, eti amepita tu kusalimia, na maikrofoni yake mkononi.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Jambazi alibisha mlango, na chini kukatokea: "Leta rent ama ulale na godoro yako kwa stage ya matatu!" Watu wakacheka mpaka mabati yakatetemeka. Opondo akakunja mikono kifuani. Wanzala akatabasamu.

Halafu shujaa akaruka, akaangusha watatu kwa teke moja, na kibanda kizima kikasimama.

"Rudisha!"

Filister, aliyekuwa na rimoti kule nyuma, akarudisha. Hiyo ndiyo sheria ya pale tangu enzi za kanda: teke tamu halionwi mara moja. "Rudisha tena!" Akarudisha tena.

Opondo akakunjua mikono. Kiraka chake kilianza kuhesabu sinema ilipoanza, na tangu hapo hakikuuliza tena sinema imefika wapi. Picha zilirudi nyuma, maneno yakaendelea mbele kama mlevi aliyeipita nyumba yake. Na ni nani, utotoni, aliyepiga kelele za rudisha kuliko watoto wote wa mtaa ule? Si yeye? Lakini kule Gatina, na mlango umefungwa, nani angempigia kelele?

Mama wa shujaa alikuwa anakata roho, mwanawe amemshika mkono. Chini kukatokea: "Cheza chini, cheza chini, leo ni harusi!"

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Na kwa muda mfupi, lo, Opondo alidhani wanasifu kazi yake. Akainamisha kichwa kupokea.

"Wanzala amelewa!" mtu akapaza sauti.

"Huyo mzee ameisha! Koo imeenda na akili!"

Kwani uso wa pale konani ulikuwa wa nani? Wanzala alikaa tu, hawezi kujitetea, akitazama mdomo wake mwenyewe ukimwaibisha mbele ya watu wake. Hakuwa anatabasamu tena. Nyuma, Filister alimwita Kevin kwa mkono, na Kevin akaanza kukunjua waya.

Opondo alikuwa ametafuta sana njia ya kuonyesha jina lake kwenye skrini ile. Sasa akaipata. Akakimbia mbele, mwanga wa projekta ukimchoma macho.

"Si Wanzala! Ni mimi Opondo! Maneno yake yako sawa, ni mimi nimeharibu!"

"Toka kwa picha!"

"Nilisahau mnarudishanga!"

Mama mmoja akamuuliza polepole, "Umesahau? Wewe si ulikulia hapa?"

Opondo akazima kiraka. Akachukua maikrofoni ya Wanzala iliyotundikwa msumarini, mkono wa pili akafungua zile meseji, akaanza kusoma. Sauti ilitoka kama bawaba kavu. Wakamzomea. Wanzala akainuka, akasimama mbele yake, na kila wakati wa kusema ulipofika akampiga kofi begani. Kofi, neno. Kofi, neno. Teke jingine likaja, "Rudisha!" na Wanzala akainua kiganja: ngoja. Picha ikarudi, Opondo akarudi nayo kwenye simu, akarudia utani uleule, safari hii vizuri zaidi. Watu wakacheka pale panapochekwa.

"Kiraka kinafanya kazi," Filister akamwambia Kevin, "ila kinatoka jasho." Kevin akakunja waya wake, akakaa benchini, akatazama mpaka mwisho.

Opondo alifika Gatina sauti imemkauka. Jirani akamuuliza kwenye ngazi, "Injinia, ile kitu yako imeshika?" Akatikisa mkono tu. Simu ikalia, ilikuwa meseji ya Wanzala.

"Umeua utani wangu nusu. Ule mdomo wa konani ni wangu kabisa, usiutoe. Kesho kuja na laptop tukirekebishe kiraka hapa kibandani na watu wakiwa ndani. Usijaribu peke yako tena."

Opondo akaisoma mara mbili, na hakumwonyesha mtu yeyote.