Sauti ya Pili ya Wiedholt

Wiedholt huyo hata Wajerumani wenyewe hawamjui. Miaka mia tatu iliyopita alikuwa mtunzi wa muziki katika jumba la mtawala mmoja mdogo, akilipwa kuni na divai, na kila alichotunga, mkuu huyo alikitia jina lake yeye mkuu. Sasa nani wa kumjali? Kemunto, muuguzi wa huku kwetu ughaibuni, Parkdale. Akitoka kazini, badala ya kulala kama watu, anafukua maisha ya marehemu huyo, na anamwonea uchungu kama mjomba aliyedhulumiwa shamba.

Akapata wimbo wake mmoja wa Pasaka, mtamu ajabu, ila sauti ya pili ilikuwa imepotea. Kemunto akaitunga yeye. Akatia maneno ya Kiswahili, akaandika yote kwa solfa, zile do re mi tulizolelewa nazo kanisani, maana noti za Wazungu kwaya ya kanisa lao haizisomi. Wenzake wa sauti ya pili akawafundisha kwa kuwaimbia, mstari baada ya mstari, jikoni kwa rafiki yake Bosibori, chai ikichemka. Mogaka, mwalimu wa kwaya, Kemunto alimwomba kitu kimoja tu: siku ya tamasha awaambie watu kwamba sauti ile ni yake Kemunto.

"Dada, hilo nalo ni la kuniomba?" Mogaka alisema.

Siku ikafika. Ukumbi wa Richmond Hill ukajaa, hata maprofesa wa muziki walikuja. Mogaka, ndani ya suti mpya, akashika maikrofoni. Akasimulia maisha ya Wiedholt vilevile Kemunto alivyomsimulia yeye, pamoja na yule mkuu mwizi, na watu wakasikitika. Halafu, bila hata kupepesa macho, akasema, "Sauti ya pili ilipotea. Nimeitunga mimi."

Mtu huyu alikula Krismasi nyumbani kwa Kemunto. Kemunto akakata shauri: haimbi ng'o. Wenzake walikuwa wakimwegemea yeye miaka yote. Akikosea wanakosea naye, akinyamaza wanapotea. Wacha wimbo umharibikie huyo anayejiita mtunzi mbele ya maprofesa wake.

Mogaka akainua mikono. Kemunto akafumba mdomo.

Sauti ya pili ikaingia, safi kabisa, palepale alipotaka iingie. Bosibori, aliyesimama kando yake, ndiye aliyeishika, na wengine wakamfuata. Hakumtupia Kemunto jicho hata mara moja. Waliimba mpaka mwisho, vizuri kuliko walivyowahi kuimba, naye amesimama katikati yao kama mgeni aliyekosea mlango.

Makofi yalipopigwa, akamwinamia rafiki yake.

"Bosibori, ulijua?"

Bosibori alikuwa bado anawatabasamia watu.

"Mwalimu aliniambia Jumapili," akasema polepole. "Alisema ukinyamaza, nishike mimi."