Fulana za Kijani

Verlene Gaddis aliivaa fulana ya kijani juu ya sweta, maana ndani ya basi la kampuni kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Kifuani iliandikwa: ANGA SAFI IFIKAPO 2040. Wafanyakazi wa karakana ya rangi ya kiwanda cha magari, basi zima, walikuwa wamevishwa fulana hizo kama wanakwaya, wakipelekwa Lansing kwenye bunge la jimbo kuupinga muswada wa moshi.

"Hebu nieleweshe, Womack," Dorsey aliropoka kutoka kiti cha nyuma. "Kifuani tunataka hewa safi, mdomoni tunaikataa?"

Watu wakaangua kicheko. Womack, msimamizi wao, naye akacheka.

"Tunaitaka, mzee wangu, ila polepole. Muswada huu ukipita, bomba letu la moshi litabidi lifungwe chujio mwaka huu huu. Wakubwa wanasema heri wahamishie kiwanda Mexico. Wewe Kihispania unakijua?"

Kicheko kikakatika.

Verlene ndiye aliyechaguliwa kusema. Nyumba yake iko chini ya bomba lenyewe. Akisema yeye kwamba moshi haumsumbui, nani atabisha? Maneno alikwisha kuandikiwa. Asubuhi alikuwa amemwacha binti yake, Janae, ameketi wima kitandani, mikono magotini, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija.

"Waambie yote, mama," Janae alimwambia.

"Nitawaambia."

Kule bungeni, wakili wa kampuni alizungumza mpaka watu wakasinzia. Alionyesha picha za magari ya umeme, miti iliyopandwa, watoto wakirusha tiara. Alipomaliza, mwenyekiti wa kamati alimwita kwa jina lake la kwanza.

"Greg, na boti yako ile tunarudi lini? Safari hii samaki mkubwa ni wangu!"

Wajumbe wakacheka. Kisha harufu ya kuku wa kukaanga ikapenya kutoka ukumbi wa jirani, chakula cha hisani ya kampuni, nao wakaanza kuchomoka mmoja mmoja. Verlene alipoitwa, viti vya ngozi vilikuwa vitupu. Alibaki mwenyekiti, macho kwenye simu.

Verlene aliikunja karatasi.

"Nimeandikiwa niseme moshi haunisumbui. Binti yangu ana miaka kumi na tisa na ngazi za nyumbani zinamshinda. Mimi ndiye ninayepaka rangi magari chini ya bomba hilo. Kazi naitaka. Mtoto pia namtaka. Lifungeni chujio."

"Ahsante, mama," mwenyekiti alisema bila kuinua kichwa. "Anayefuata."

Akatoka nje. Womack alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, paja la kuku mkononi.

"Bosi, nimeharibu."

"Umeharibu nini? Panda, tunakungoja wewe."

Ndani, binti wa ofisi ya matangazo ya kampuni alimwonyesha kwenye simu picha aliyokwisha kuirusha mtandaoni. Verlene kwenye kipaza sauti, mkono juu, ANGA SAFI kifuani. Chini yake: *Mfanyakazi wetu Verlene awasihi wajumbe waukatae muswada.*

"Lakini sikusema hivyo!"

"Picha haina sauti, dada," yule binti alisema kwa upole. "Tena umetoka vizuri."

Verlene akamgeukia Womack. "Basi nifukuze kazi, nijue moja."

"Nikufukuze wewe? Mwezi ujao kuna kikao kingine." Akajifuta mafuta mdomoni.

Basi lilikuwa limeshika barabara kuu ya kurudi nyumbani Detroit simu ya Verlene ilipolia. Alikuwa Janae.

"Mama." Filimbi ya kifua. "Nimeona picha." Filimbi tena. "Kweli ndivyo ulivyowaambia?"

Verlene akafungua mdomo. Wakati huo huo mtu mmoja mbele akapiga ukelele: kura zimepigwa, muswada umeanguka. Basi zima likalipuka kwa vifijo na miluzi. Dorsey akamkumbatia kwa nyuma, machozi yakimtoka.

"Mama Gaddis! Umetuokolea kazi, mama! Mungu akuweke!"

Upande wa pili, Janae alikuwa bado anasikiliza.