Waya wa Mzee Laini

Nyumba ile ilikuwa na wifi wawili, na wote walishinda sebuleni. Mmoja alikuwa dada wa mume, aliyekalia cherehani tangu asubuhi akishona sare za shule na kusikiliza mambo ya watu. Wa pili ni yule wa kwenye kisanduku cha intaneti, ambaye hakufika chumba cha uani hata umsihi vipi. Kuta zilijengwa na baba mkwe mwenyewe, na baba mkwe hakuwa mtu wa kubania saruji.

Katikati ya wifi hao wawili ndipo mkamwana alipofanyia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu kwa kompyuta, akiwasikiliza wasafiri waliopotelewa na mabegi. Mteja analia huko aliko, yeye anambembeleza kutoka meza ya kulia chakula, na pembeni baba mkwe amepunguza sauti ya televisheni ili asipitwe. Simu ikikatwa, maoni yanaanza. "Huyo umemjibu kikavu, mwanangu." Au wifi, uzi mdomoni: "Mimi ningemwambia begi lako limeibiwa, yaishe." Jioni mambo hayohayo husimuliwa upya wageni wakija, na mkamwana ndiye anayewapelekea chai. Kicheko chake, usingizi wake, hata muda anaokaa bafuni, vyote vilikuwa na mashahidi. Na hakuna aliyekuwa mbaya. Hilo ndilo lililomkaba zaidi, maana angemlalamikia nani, na angeanzia wapi?

Mumewe alikuwa mtu mpole ambaye dada yake alimbatiza Kesho, kwa kuwa kila jambo alilisukumia siku hiyo. Lakini mkewe alipomweleza kwamba kampuni yake inalalamikia kelele za sebuleni, Kesho alitoa ahadi moja ya maana. Baba apitishe waya mpaka chumbani kwao uani. Waya ukikataa hadi mwisho wa mwezi, watahamia vyumba viwili nyuma ya duka la mikate, ambavyo alikwisha kuviulizia. Mkewe alikubali kwa sauti ya mtu asiyejali, ilhali moyoni ameshaviona vile vyumba viwili na mlango unaofungwa kwa ndani. Kusema waziwazi kwamba anataka kuondoka hakuweza. Mumewe alikuwa mtoto wa kiume wa pekee, mama mkwe amekwisha kufariki, na mzee alimpenda mkamwana wake kwa dhati. Aliuachia waya umsemee.

Baba mkwe mtaa mzima ulimwita Mzee Laini. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza juu ya nguzo za simu, na mpaka leo akipita chini ya nyaya hutazama juu kama daktari anayepita wodini. Kupewa kazi ya waya baada ya kustaafu kulimrudishia ujana. Aliitoa kebo sebuleni, akaipandisha darini, akaizungusha nyumba nzima kwa kuwa hakutaka ikaribiane na nyaya za umeme, kisha akaishusha ndani ya ukuta wa korido hadi uani. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza kipande kifupi mezani, akakijaribu, na intaneti ikaja. "Umeona?" akasema. "Simu, intaneti, vyote ni waya. Kila waya ulale na jozi yake, basi." Akaziba ukuta kwa plasta na kuupaka rangi kabla hata ya kuujaribu ule mrefu, maana shaka haikuwa desturi yake.

Ule mrefu ukakataa.

Mzee alileta kipimo chake, kisanduku chenye taa nane, nusu moja ikachomekwa sebuleni na nusu nyingine uani. Wifi alisimama koridoni kupeleka habari. "Ya kwanza imewaka huku. Ya pili imewaka." Taa zote nane ziliwaka kwa zamu bila kuruka hata moja. Kompyuta ikachomekwa, ikasema hakuna waya. Wakabadilisha tundu kwenye kisanduku. Wakabadilisha kompyuta. Wifi akashauri wazime wawashe, wakazima wakawasha. Fundi wa kampuni ya intaneti alikuja, akachomeka kijiwaya kifupi cha dukani pale pale kwenye kisanduku, mtandao ukaja wima, naye akajivua lawama. "Kwetu mwisho ni hapa. Ya ndani ya ukuta ni ya kwenu." Mzee alimsindikiza hadi getini kwa adabu, na aliporudi hakutaka kula.

Moyoni mkamwana alikuwa akifunga mizigo. Mwezi ulikuwa unaishia.

Jumanne mzee alitoka kwenda kununua betri za kipimo, na wifi akajilaza. Mkamwana alikaa uani peke yake akichezea kile kijiwaya ambacho fundi alikisahau. Hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akila ukimya. Alipokiinua dirishani akaona rangi za nyaya ndani ya kichwa chake cha plastiki, akakifananisha na kichwa cha waya wa mzee. Waya wa rangi ya machungwa na mwenzake zilikaa pamoja huku na huku, na wa kahawia hali kadhalika. Lakini katika kile cha dukani, waya wa kijani ulikuwa umetengwa na mwenzake, na zile za buluu zimekaa katikati yao. Kwa mzee kila rangi ililala na mwenzake, jozi kwa jozi, kama alivyozifunga za simu maisha yake yote.

Aliiuliza simu yake, nayo ikamjibu. Ndani ya kebo kila waya umesokotwa na mwenzake ili kelele za majirani zisiuvuruge. Kompyuta inatumia nafasi ya tatu na ya sita kwa pamoja, na inataka nyaya za hapo ziwe zimesokotwa pamoja. Mzee alikuwa ameweka pale kijani mmoja na buluu mmoja, wasiojuana. Kwenye kipande kifupi cha mezani kosa hilo halikujitokeza, lakini kwenye waya uliozunguka nyumba nzima kelele zilimeza kila kitu. Na kipimo kingewasha taa zake mpaka kiama, kwa kuwa chenyewe hujua waya umefika, hakijui umesokotwa na nani njiani.

Kukata vichwa viwili na kuvibana upya, kazi kwisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa ilikuwa yeye. Akakitia kijiwaya mfukoni, akaenda kupika.

Jumatano mzee alianza kuvunja ukuta.

Alikuwa amekata shauri kwamba waya umepondeka ndani ya plasta, mahali ambapo taa zinapita lakini mtandao haupiti. Akashika nyundo na patasi, akapanda kigoda, akaianza korido. Vumbi likajaa nyumba nzima. Wifi akafunika cherehani kwa shuka, na mkamwana akapokea simu zake huku ameziba sikio moja. "Hapana, mama, si vita, ni ukarabati," alimwambia mteja mmoja. Kila pigo la nyundo lilimpata yeye. Alijua waya ule ni mzima, na alijua kwamba akifungua mdomo anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Akinyamaza, mzee anajimaliza.

Alijaribu kupita katikati. "Baba, pumzika. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Hayo ni ya mpira," mzee akajibu kutoka juu ya kigoda, nywele nyeupe kwa vumbi kuliko kwa uzee. "Hapa nataka upate chumba chako, mwanangu, ufanye kazi kwa raha."

Mkamwana akarudi mezani, akamwomba mteja aliyefuata arudie jina lake mara tatu.

Ijumaa kigoda kiliserereka. Mzee hakuumia, alijikuta amekaa tu sakafuni, miguu mbele, patasi bado mkononi. Mkamwana alipomkimbilia alimkuta haangalii miguu yake. Alikuwa akiangalia mfereji mrefu aliouchimba ukutani, na kebo iliyolala ndani yake, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo.

"Labda nimekuwa nikijidanganya," akasema taratibu. "Labda hata zile laini nilizokuwa nikifunga, kuna mtu alikuwa anapita nyuma yangu kunirekebishia."

Hapo mkamwana hakuweza kuficha tena. Alimnyanyua, akampeleka dirishani, akatoa kile kijiwaya mfukoni. "Baba, hebu tazama rangi za hiki, kisha utazame za chako."

Mzee akavaa miwani. Akavigeuza vichwa vyote viwili kwenye mwanga.

"Nani aliyewatenganisha hawa?"

"Ndivyo kompyuta inavyotaka, baba."

"Basi ina tabia mbaya," mzee akasema, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta koleo. Alikata kichwa cha uani, akazipanga nyaya upya akinung'unika, akabana. Akaenda sebuleni akafanya vilevile. Kitaa kidogo kikawaka kwenye kisanduku, na kule uani kompyuta ikafungua kurasa za kampuni bila kusitasita. Wifi akapiga makofi. Mzee akasimama mlangoni pa chumba, jasho limechora njia kwenye vumbi la uso, na kwa mara ya kwanza tangu fundi aje akatabasamu. "Sasa unacho chumba chako."

Mkamwana alimshukuru. Akakitazama kitanda, kabati, dirisha lenye nondo linaloangalia jiko la nje, na mlango ambao kila mtu aliufungua bila kubisha, akahisi kama amekwisha kukabidhiwa humo kwa maisha yake yote.

Jioni Kesho hakuwahi hata kuvua viatu kabla baba yake hajampa habari. "Basi yamekwisha," akasema kwa furaha. "Ngoja nimpigie yule mwenye vyumba asitusubiri." Na mtu ambaye hata jino lililooza aliliahirisha mpaka shavu likavimba, safari hii alikuwa ameshaishika simu na kutafuta namba.

"Usipige," mkewe akasema.

Cherehani ikanyamaza.

"Si mtandao umekubali?"

"Umekubali. Nataka kuhama hivyohivyo." Akamwekea mkono juu ya simu. "Si habari ya waya, na haikuwa habari ya waya tangu mwanzo. Sipumui humu ndani. Nikicheka nasikika, nikinyamaza naulizwa. Hamjanikosea chochote. Nataka tu mlango wangu."

Kesho akamtazama baba yake, kama alivyozoea mambo yakiwa mazito. Mzee hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa akijitoa plasta kwenye kucha.

"Hivi vichwa," akasema mwishowe, "kosa lake uliligundua lini?"

Angeweza kusema leo. Uongo ulikuwa tayari ulimini, tena mwepesi.

"Jumanne, baba."

"Jumanne." Mzee akatikisa kichwa polepole. "Na mimi ukuta nimeanza kuuvunja Jumatano."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Mzee hakukasirika, na mkamwana angetamani akasirike. Alijiinua kwa kushika meza, akamgeukia mwanawe. "Mpigie huyo mwenye vyumba," akasema. "Mwambie mnahamia." Kisha akaenda koridoni, akachukua ufagio, akaanza kufagia kifusi chake mwenyewe. Mkamwana alimfuata, akanyoosha mikono kumpokea ufagio, kama alivyompokea kila kitu tangu alipoolewa. Mzee hakumpa.